Wale kumi wa Sinza

Kila ikikaribia Desemba 9, lazima kuna mtu atarusha ile klipu kwenye kundi letu la mtaa. Uwanja wa Jamhuri, Dodoma, mwaka 2017. Rais Magufuli yuko jukwaani anatangaza msamaha wa wafungwa, anafika kwa wanamuziki Nguza Viking na mwanawe Johnson, yaani Babu Seya na Papii Kocha, na uwanja unalipuka kwa shangwe. Chini ya klipu zinajipanga emoji za machozi ya furaha. Mara ya mwisho niliuliza swali fupi tu: "Na wale watoto?" Mmoja akacheka. Mwingine akaandika, "Dada, watoto gani tena?"

Aliyeandika hivyo ni mtu mzima, amekulia Sinza hii hii ya Dar es Salaam, na mwaka 2003 kesi ilipoanza alikuwa anajua kusoma gazeti. Hakuwa anafanya ukorofi. Kweli alikuwa amesahau kwamba kulikuwa na watoto.

Niseme mapema, sina nia ya kufufua ubishi wa walitenda au hawakutenda. Wao wamekana tangu mwanzo. Hukumu zipo: Juni 2004 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani baba na wanawe watatu kwa makosa ya kuwabaka na kuwalawiti wanafunzi kumi wa shule ya msingi, watoto wa miaka sita hadi minane, ikawapa kifungo cha maisha. Mahakama Kuu ikakataa rufaa mwaka uliofuata. Februari 2010 Mahakama ya Rufani ikawaachia vijana wawili, ikamwacha ndani baba na Papii Kocha. Wakaomba mapitio, yakakataliwa 2013. Kisha Machi 2018, wakiwa tayari wako nyumbani kwa msamaha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ikasema haki yao ya kujitetea ilivunjwa, kwa sababu hawakupewa nakala za maelezo ya mashahidi na mashahidi wao wa muhimu hawakuitwa. Haikusema hawana hatia. Ilisema kesi ilikuwa na kasoro.

Yote hayo nayapokea. Kesi mbovu ni mbaya kwa mshtakiwa, na kwa mtoto ni mbaya zaidi, maana ikishatiliwa shaka hakuna atakayekaa tena kumsikiliza. Ninachouliza ni kingine. Miaka kumi na minne nchi nzima ilibishana kuhusu wanaume wanne, na katika ubishi wote huo sijawahi kusikia mtu, si redioni, si gazetini, si kwenye daladala, akiuliza wale kumi wanaendeleaje.

Tulikuwa na hadithi nyingine ya kutushughulisha. Mtaani ilizunguka habari ya kigogo na mwanamke, kwamba wanamuziki wale walitengenezewa kesi kwa sababu ya wivu. Ushahidi wake sijawahi kuuona, na kila aliyenisimulia alikuwa na kigogo wake tofauti. Lakini ilikuwa hadithi tamu: ina mwanamuziki maarufu, ina mapenzi, ina mkubwa mwenye kisirani. Watoto wa darasa la kwanza na la pili hawana nafasi kwenye hadithi ya namna hiyo, labda kama vibaraka waliofundishwa maneno. Na hivyo ndivyo tulivyowafanya. Nimesikia watu wazima, wazazi wenye watoto wa umri uleule, wakisema kwa kujiamini kabisa, "wale watoto walifundishwa," kisha wanaagiza bia nyingine.

Siku ya msamaha ilikuwa Jumamosi, saluni zimejaa. Mimi nilikuwa nasukwa hapa Sinza, televisheni imewekwa juu ya friji ya soda, sherehe za Uhuru zinaendelea na hakuna aliyekuwa anazisikiliza hadi majina yale yalipotajwa. Kelele iliyopigwa ilifanya watu wa barabarani waingie ndani kuuliza kuna nini. Mama mmoja alitoka chini ya draya rola zikiwa kichwani akacheza. Bodaboda nje wakapiga honi. Na mimi nakiri ilikuwa vigumu kutochangamka; gita la solo la Nguza enzi za bendi ya Maquis ni sehemu ya ujana wa watu wengi wa rika langu, na mtu akitoka jela baada ya muda mrefu moyo unashtuka tu wenyewe.

Aliyekuwa ananisuka ni binti mmoja wa Singida, mpole, mikono mepesi. Aliuliza huku anaendelea kugawa rasta: "Kwani wale watoto sasa hivi watakuwa na miaka mingapi?" Tukapiga hesabu. Sita hadi minane mwaka 2003. Ishirini, ishirini na mbili. Akasema, "Kumbe rika langu." Mwenye saluni akamwambia aache mikosi, leo siku ya furaha. Mazungumzo yakahamia kwa nani atawapokea gereza la Ukonga, na jioni redio zikaanza kupiga nyimbo zao mfululizo.

Nafikiri mara nyingi kuhusu mabinti kumi wa miaka ishirini wakisikia nyimbo zile siku nzima, kwenye daladala, dukani, nyumba ya jirani. Kama uliamini ushahidi wao au hukuuamini, hapo haijalishi. Walikuwa watoto waliopitishwa kwa polisi, kwa daktari, na kwa hakimu, wakaulizwa maswali ambayo sisi watu wazima tungeyakimbia. Je, wakati wa kusamehe kuna ofisi yoyote iliyowapigia simu kuwaambia, jiandaeni, kesho kutatangazwa jambo? Sijasoma popote kwamba ilifanyika. Katiba, ibara ya 45, inampa Rais mamlaka ya kusamehe, na haimtaki aulize mtu.

Watu wa magazeti, nikiwalalamikia, huwa na jibu moja: sheria inatubana. Ni kweli kuna sheria. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka ushahidi wa kesi hizi usikilizwe faragha, na ushahidi na mashahidi wasichapishwe gazetini. Ni sheria nzuri, mimi naitetea. Lakini nimefanya kazi kwenye chumba cha habari, nilikuwa msomaprufu wa gazeti moja la Kiswahili ambalo sitalitaja, nasoma kurasa kabla hazijaenda mtamboni. Najua sheria hiyo ilivyokuwa inaheshimiwa.

Habari ya mtoto aliyebakwa ilikuwa inaletwa hivi: mwandishi anaandika "jina tunalihifadhi", halafu sentensi inayofuata anataja jina la baba, mtaa, jina la mjumbe wa nyumba kumi, na kwamba mtoto anasoma darasa la nne. Nakumbuka picha moja vizuri. Binti amesimama nje ya mlango wa bati, macho yamezibwa kwa mstari mweusi mwembamba kama kamba ya kiatu, lakini sweta la shule limeachwa wazi na nembo inasomeka hadi mwaka wa kuanzishwa kwa shule. Pembeni yake mama yake, uso mzima, jina kamili kwenye maelezo ya picha. Niliizungushia kalamu nyekundu nikapeleka kwa mhariri wa zamu. Akaniambia kazi yangu ni herufi. Nikamwambia basi kwenye nembo kuna herufi. Wenzangu walicheka, picha ikapunguzwa, nembo ikatoka, mama akabaki.

Tena hiyo ilikuwa siku nzuri. Kwenye vichwa vya habari mtoto alikuwa anaitwa "denti", na akishaitwa denti kila kitu kinageuka kichekesho: denti anaswa gesti, denti ajazwa mimba na fundi baiskeli. Aliyenaswa ni nani hapo? Kwa sheria yetu tangu 1998, ile ya makosa ya kujamiiana, binti chini ya miaka 18 hawezi kuridhia. Aliyelala naye amebaka, hata kama binti alikwenda kwa miguu yake. (Sheria ikaacha tundu kwa aliyeolewa akiwa na miaka kumi na tano na kuendelea, na tundu hilo lina kesi yake ndefu.) Gazeti linamkuta mhanga gesti linamwandika kama mtuhumiwa, na mwanamume anabaki "jamaa mmoja".

Kwa hiyo tunamfichua mtoto pale anapotakiwa kufichwa, kisha tunamsahau pale anapotakiwa kukumbukwa. Hilo sheria haijatutuma.

Tena ushahidi kwamba inawezekana kufanya vingine uko jirani tu. Oktoba 2013 gazeti la Daily Nation la Kenya liliandika habari ya binti wa miaka kumi na sita wa Busia aliyeshambuliwa na kundi la wanaume akitoka msibani. Watatu walikamatwa, polisi wakawapa adhabu ya kufyeka majani kituoni, wakawaachia. Gazeti halikutoa jina lake. Likampa la bandia, Liz. Na hilo jina la bandia likatosha. Nebila Abdulmelik akaanzisha ombi mtandaoni, saini zikapita milioni moja. Tarehe 31 Oktoba watu wakaandamana Nairobi hadi makao makuu ya polisi, wengine wamebeba mafyekeo ya majani. Mwaka 2015 wanaume watatu wakafungwa miaka kumi na mitano. Hadi leo wengi hatujui Liz halisi ni nani, na tusijue, lakini hakuna aliyewahi kuuliza "Liz gani?"

Miezi michache kabla, Mei 27 mwaka huohuo, Mahakama Kuu ya Meru ilikuwa imetoa hukumu ambayo kwetu haikupata hata nusu ya umaarufu wa klipu ya Dodoma. Watoto kumi na mmoja, wanaojulikana kwa herufi tu, wa kwanza ni C.K., wakiungana na kituo kilichokuwa kikiwahifadhi, waliishtaki polisi kwa kutochunguza walipobakwa. Mahakama ikasema polisi kuzembea kuchunguza ni kuvunja haki zao za kikatiba. Herufi mbili zimesimama mahakamani zikaibana serikali. Sisi tulikuwa na kumi, hatukuwapa hata herufi kwenye mazungumzo yetu.

Mwaka 2017 ule ule wa msamaha, mwezi Juni, Rais alikuwa Chalinze akisema kwamba katika utawala wake mwanafunzi akipata mimba harudi shule. Pale napo palikuwa na makofi. Ukizisikiliza hotuba zile mbili kwa pamoja, na mimi nimefanya hivyo, unaona huruma yetu inaelekea wapi. Binti wa miaka kumi na tano mwenye mimba alikuwa na adhabu ya maisha isiyo na msamaha, na kosa lenyewe kisheria alitendewa. Mwaka mmoja kabla Bunge lilikuwa limeweka miaka thelathini kwa anayempa mwanafunzi mimba, lakini huyo mara nyingi hapatikani, au anapatikana ni mjomba. Ilibidi tusubiri hadi Novemba 24, 2021, Profesa Ndalichako, wakati huo Waziri wa Elimu, aliposema warudi madarasani.

Mashabiki wa Magufuli wasinielewe vibaya; sikusema makofi yalikuwa ya kwake. Yalikuwa ya kwetu.

Siku hizi nina duka la steshenari karibu na kituo cha polisi. Kopi, pasipoti saizi, barua za maombi ya kazi, bahasha. Huko ndiko nimeona kwamba magazeti na viwanja vya mpira ni sehemu ndogo ya mambo haya. Utafiti wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto Tanzania, uliotolewa 2011, ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa tukio la ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kufikisha miaka 18. Hao hawakupata kichwa cha habari wala maandamano. Walipata kikao cha familia.

Alikuja bibi mmoja asubuhi (nimebadilisha vitu hapa na pale, asijulikane). Nikamwamkia, akaitikia, akafungua pindo la kanga akatoa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, iliyokunjwa mara nyingi hadi mikunjo imeanza kuchanika. Kule polisi, dawati la jinsia na watoto, aliambiwa alete kopi mbili. Niliinyoosha kwenye kioo, nikashusha mfuniko. Akaniuliza, "Mwanangu, jina lake halibaki humo ndani ya mashine?"

Nikamwambia halibaki. Nikawasha mashine mbele yake tupu, ikatoa karatasi nyeupe, ndipo akaamini. Mjukuu alikuwa na miaka kumi na moja. Sikuuliza mengine, nilimpa kopi bure na namba ya simu ya watoto, 116, nikaiandika kwa maka pen kwenye bahasha ili aione vizuri.

Wiki kadhaa baadaye akarudi. Safari hii karatasi ilikuwa ya daftari, imeandikwa kwa mkono, "MAKUBALIANO" imepigiwa mstari mara mbili. Familia ya kijana italipa laki tatu kwa awamu, familia ya mtoto haitaendelea na shauri, mbele ya shahidi huyu na yule, sahihi, dole gumba. Nikamwambia bibi, kesi hii si yako kuifuta, ni ya Jamhuri. Akaniangalia vizuri.

"Jamhuri ndiyo itakayomlisha?"

Kisha akanieleza bila hasira. Kesi imeitwa, imeahirishwa, shahidi hakuja, imeahirishwa. Kila tarehe ni nauli ya watu wawili na siku ya kutouza vitumbua. Shuleni watoto wameshajua, kuna wimbo wanamwimbia. Mama yake yuko Oman anafanya kazi za ndani, hajaambiwa, akiambiwa ataacha kazi na hela ya ada haitakuwepo. Na kijana mwenyewe yuko mtaani anapita mlangoni kwao kila siku akienda kuchota maji. Laki tatu itamhamisha mtoto kwenda kwa shangazi yake Kilosa.

Karatasi ile sikuipiga kopi. Alienda duka la pili, wakampigia kwa shilingi mia mbili. Na sina hakika kama mwandishi wa habari angekuja siku ile angeona habari. Hakuna mwanamuziki, hakuna kigogo, hakuna hata hukumu. Kuna bibi, nauli, na kalenda ya mahakama. Lakini kama kuna kitu ningependa gazeti liandike ni hicho: shauri la mtoto limeahirishwa mara ngapi, kwa sababu gani, upelelezi unasubiri karatasi gani kutoka hospitali gani, afisa ustawi wa jamii amemtembelea lini mara ya mwisho. Hayo yote unaweza kuyaandika bila kutaja jina la mtu, mtaa wala shule. Hayauzi, nitaambiwa. Nembo ya sweta nayo haikuwahi kuongeza mauzo, nilikuwepo.

Sasa gazeti limehamia kwenye simu na kila mtu ni mhariri wa zamu. Majuzi kwenye kundi la wazazi la shule ya mwanangu mdogo ikaingia video ya mtoto wa kike akihojiwa na watu wazima sebuleni, analia, anaulizwa "sema alikufanya nini, sema kwa sauti." Uso wazi, sare ya shule. Chini imeandikwa: sambaza mpaka mhusika akamatwe. Katika dakika chache ilikuwa imeshapelekwa kwenye makundi mengine, na waliopeleka ni watu wema, wengine wanalia kabisa kwenye sauti walizorekodi.

Nikaandika kwamba anayesambaza anamhukumu mtoto kuonekana akiwa analia hadi atakapokuwa bibi, na kwamba kama kuna anayemjua alipo, apige 116 au aende dawati la jinsia, amwoneshe askari namba iliyorusha, basi. Nikaongeza kuwa kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na video za watoto si mchezo. Baba mmoja akanijibu kuwa watu kama mimi ndio tunaowalinda wabakaji. Mwingine akauliza kama nimetumwa. Mwalimu wa darasa, ambaye ni admini, akaifuta video, akafunga kundi ili admini tu waweze kutuma, akaweka tangazo la michango ya mahafali.

Yule baba nakutana naye getini kila siku saa kumi, tunachukua watoto. Bado hanisalimii. Lakini juzi alituma kijana wake dukani kwangu kupiga kopi cheti cha kuzaliwa, nikaipiga, nikairudisha kwenye bahasha iliyofungwa.